Makampuni ya video yasitupe kumbukumbu za wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana, ingawa linagusa vijiji, vyama vya ushirika, mashirika na hata ofisi za Serikali. Jambo lenyewe ni haya makampuni yanayopiga picha za video kwa malipo, na jinsi yanavyokimbilia mitambo mipya huku kazi zilizokwisha lipiwa zikiachwa nyuma zife.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Sina kampuni wala kamera. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kwa hiyo nitaanza na yaliyotupata sisi.

Mwaka 2006, nikiwa darasa la saba, chama chetu cha msingi cha ushirika kilizindua mtambo wa kuchakata kahawa mbivu. Wanachama walikubali kukatwa shilingi kumi katika kila kilo ili ipatikane fedha ya kuita kampuni ya video kutoka mjini. Walikuja vijana watatu na kamera ya kanda ndogo zile zinazoitwa MiniDV. Walirekodi mkutano tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya yote, walimrekodi mzee aliyetoa eneo la kujengea mtambo. Alisimama mbele ya watu wote akaeleza kwa kinywa chake ametoa nini, kuanzia wapi hadi wapi, na kwa masharti gani. Katibu naye, katika muhtasari wa mkutano, aliandika mstari mmoja tu, kwamba mzee ametoa eneo. Hakuona haja ya kuendelea, kwa kuwa yote yalikuwa kwenye video.

Mzee yule alifariki mwaka 2014. Leo wajukuu zake wanasema babu yao aliazima eneo, hakulitoa moja kwa moja. Chama kinasema alilitoa. Shauri limefika kwenye baraza, na watoto wa pande zote mbili wako katika darasa langu. Wapo ambao hawataki kukaa dawati moja. Mtoto wa miaka tisa anajua nini juu ya mipaka ya mwaka 2006? Anarudia tu anayoyasikia nyumbani.

Mwaka jana mwenyekiti wa chama na mimi tulitumwa mjini kuitafuta video ile. Sahani ya DVD tuliyopewa wakati ule ilikuwa ya dakika kumi na tano tu, yenye muziki mwingi, na mzee anaonekana akipunga mkono lakini maneno yake hayamo. Kanda zenyewe zilibaki kwa kampuni. Mwenye kampuni alitupokea vizuri, akatafuta stoo, akapata kanda moja kati ya mbili ndani ya katoni. Lakini mashine ya kuichezea hakuwa nayo. Aliiuza alipohamia kamera za kadi. Tulizunguka mji mzima bila mafanikio. Hatimaye kanda ilipelekwa Dar es Salaam kwa fundi aliyekuwa bado na kamera ya aina ile. Picha ilitoka. Mzee yupo, anaonyesha kwa mkono upande wa mto. Lakini sauti inakatika katika kila sentensi, na pale anapotaja masharti hakuna kinachosikika.

Ndugu Mhariri, nilikuwa nimejiandaa kumlaumu mwenye kampuni yule. Nilipomsikiliza nikaona mambo si mepesi kama nilivyodhani. Aliniambia, "Mwalimu, wewe chaki yako ni ile ile. Mimi kila miaka michache wateja wanaikataa kamera yangu." Alianza na kanda za VHS, akaja kwenye MiniDV, kisha kamera za kadi, kisha zile za picha kali zaidi wanazoziita HD na 4K, na sasa kila mteja anataka picha za kutoka angani. Kila mara aliuza mashine ya zamani kwa bei ya kutupa ili aongezee fedha ya kununua mpya. Na wateja wake wakubwa, yaani mashirika na ofisi, humlipa baada ya miezi sita, wakati deni la kamera halisubiri.

Maneno hayo yana ukweli. Kanda za MiniDV zilianza mwaka 1995, na kwa muda mfupi tu zilikwisha kupitwa. Kampuni ya Sony, iliyoleta kanda za Betamax mwaka 1975, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016. Mwaka huo huo kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza mashine za VHS, Funai ya Japani, ilifunga kazi hiyo. Hapa kwetu wananchi wanakumbuka tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilipozimiwa matangazo ya analojia, na jinsi kila nyumba ilivyohitaji kisimbuzi ili televisheni nzima isigeuke sanduku. Kwa hiyo anayesema mwenye kampuni ya video asibadilishe mitambo anamwambia afunge biashara.

Ninachopinga ni maana ambayo wengi wameipa kwenda na wakati. Wao wanaona kwenda na wakati ni kununua. Mimi nasema kununua ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuyahamisha yale ya zamani yaingie katika chombo kipya kabla chombo cha zamani hakijaondoka. Mkulima anayejenga ghala jipya hulibomoa la zamani akiwa amekwisha hamisha mahindi. Hatujapata kuona mkulima anayeuza ghala na mahindi yakiwa ndani, kisha akajisifu kwamba ana ghala la kisasa.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la watu maskini peke yao. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilifanya kazi kubwa ya kukusanya habari za nchi yao, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha sensa ya ardhi kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme wao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wakiwa watoto wa shule, wakaandika habari za vijiji vyao na kupiga picha. Kazi yote ikatiwa katika sahani kubwa za leza. Haikupita miaka 20, zikabaki mashine chache sana za kuweza kuzisoma, hata mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ikabidi watengeneze programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani ili kuiokoa kazi ya watoto wale. Kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kilikuwa bado kinasomeka. Kama taifa tajiri limeponea chupuchupu, sisi tunajidanganya na nini?

UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha walikwisha toa tahadhari mwaka 2019 kwamba muda wa kuzihamisha kanda za sumaku unakwisha, na walikadiria kwamba baada ya mwaka 2025 au karibu na hapo kazi hiyo itakuwa ngumu mno, kwa sababu mashine, vipuri na mafundi wanatoweka. Kanda yenyewe inaweza kuwa nzima, lakini bila mashine ni sawa na barua iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakuna tena anayeijua.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, wenye makampuni. Mkataba useme wazi kanda au mafaili ya asili ni ya nani, yatatunzwa wapi na kwa miaka mingapi. Kabla mtu hajauza mashine ya zamani, awaandikie wateja wote ambao kazi zao hazisomeki bila mashine ile. Hata ujumbe wa simu ungetutosha sisi. Kila kazi iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwekwe jengo jingine, maana moto na mwizi haviulizi nakala ipi ni ya asili. Na katika bei ya kila kazi litengwe fungu dogo la kutunza na kuhamisha. Saa moja ya MiniDV ni kama gigabaiti 13, kiasi ambacho leo kinaingia kwenye kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Gharama kubwa hapa ni ya kukosa utaratibu.

Pili, si kila chombo kipya ni cha kununua. Kamera inayotumika mara mbili kwa mwaka ikodishwe, na fedha inayobaki ipelekwe kwenye mafunzo ya vijana wanaofanya kazi. Nimeona video za siku hizi zenye picha nzuri za angani, lakini ukimsikiliza mkulima anayehojiwa, husikii ila upepo. Kipaza sauti kizuri na kijana anayejua kukiweka mahali pake vingekuwa na faida zaidi kuliko ndege isiyo na rubani.

Tatu, wateja, na hapa naomba ofisi zetu zisikasirike. Lipeni kwa wakati. Msiulize tu kama kuna picha za angani, ulizeni pia baada ya miaka 20 tutaionaje kazi hii. Anayelipa ndiye mwenye sauti, na asipouliza yeye hakuna atakayeuliza.

Nne, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, shirika letu la utangazaji na vyuo vinavyofundisha habari washirikiane kuweka mashine chache za zamani, nzima, japo moja kwa kila kanda ya nchi, ambapo kijiji au chama kinaweza kupeleka kanda yake na kuhamishiwa kwa malipo ya kiasi. Na kila ofisi ihesabu kanda zake mwaka huu, si mwakani.

Jambo hili lina uzito zaidi katika wakati huu wa akili mnemba, ambapo kompyuta inaweza kumtengeneza mtu akisema maneno ambayo hakuyasema kamwe. Siku zijazo tutakapoletewa video ya kiongozi au ya mzee wa kijiji, tutahitaji kuonyesha kanda ya asili na kueleza imetoka kwa nani na imetunzwa na nani. Kampuni itakayoweza kufanya hivyo ndiyo tutakayosema imekwenda na wakati, hata kama kamera yake ni ya mwaka juzi.

Mwisho, nasi wanakijiji tujisute. Miaka yote ile hatukuuliza kanda ziko wapi. Sahani ya DVD tuliiweka kwenye kabati moja na mifuko ya mbegu na dawa za kahawa. Na tulimwachia katibu aandike mstari mmoja kwa sababu kamera ilikuwapo. Mimi sasa, kila mkutano wa chama au wa kamati ya shule ukirekodiwa kwa simu, huomba pia muhtasari uandikwe kwa ukamilifu na usomwe mbele ya watu kabla hatujatawanyika. Baadhi hunicheka kwamba mwalimu anapenda kalamu. Wacha wacheke.

Shauri letu bado halijaamuliwa. Kanda ya pili haijapatikana. Kama kuna mwenye kampuni popote nchini ambaye stoo yake ina katoni za kanda za zamani, namwomba kwa heshima asizitupe kabla hajasoma kilichoandikwa juu ya kila moja. Huenda ndani yake yumo mzee wa kijiji cha watu, na watoto wanaongoja kuambiwa alisema nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga, Ruvuma.