JILIWA LISITUHARIBIE KAZI

Kuna tabia moja katika karakana za shule ambayo mimi naipinga kabisa. Mwanafunzi anapachika kipande laini cha madini kwenye jiliwa, au vaisi kama tunavyoiita sote, kisha analikaza mpaka mkono unatetemeka.

Hebu yatazame mataya ya jiliwa. Ni ya chuma cha pua kilichofanywa kigumu, tena yamechongwa meno yanayokatana kama wavu. Meno hayo yanafaa kushika chuma kigumu. Ukiyawekea shaba ya manjano au alumini, yanazama. Ukifungua unakuta kovu, nalo halifutiki kwa kitambaa! Itabidi upige tupa mpaka ulimalize, na kipande kilichotakiwa kuwa na unene wa milimita 6 kinabaki pungufu. Je, hapo umeokoa nini?

Wengine hudai kwamba usipokaza sana kazi itateleza. Sikubaliani nao. Mara nyingi kazi huteleza kwa sababu imeshikwa mahali padogo, au imesimama juu mno hata tupa inailiza. Ishushe ikaribie mataya, uone kama kelele haitapungua. Halafu yavishe mataya viatu, yaani vipande viwili vya bati nene la alumini au shaba nyekundu, vilivyokunjwa pembe mraba ili vilale juu yake. Shaba ikiwa ngumu kwa kubanwa mara nyingi, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, nayo italainika tena. Kwa fimbo ya mviringo, toboa kibao tundu la kuitosha, kisha ukipasue kibao katikati ya tundu hilo, uibane humo. Mrija mwembamba nao utie kijiti ndani kwanza, la sivyo utabonyea uwe chapati. Na viatu vyenyewe vipigwe brashi kila mara, maana unga wa chuma ukinasa humo hukwaruza vibaya sana.

Nenda Kibera, hapo tu ng'ambo ya Barabara ya Ngong ukitoka kwetu Kilimani, ukawaone mafundi wanaotengeneza bangili na herini kwa shaba ya makufuli na mifereji chakavu. Bangili huuzwa kwa kung'aa kwake. Ikiwa na kovu, mteja amekwenda zake.

Kwetu sisi mteja ni mtahini. Tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 tunatazamia KCSE mwaka 2027, na siku ya karatasi ya vitendo hakuna shaba ya kuchezea. Kwa hivyo ombi langu kwa wakuu wa karakana ni moja: kila jiliwa liwe na viatu vyake, vitundikwe kwenye msumari kando yake. Mabaki ya alumini yamejaa kwenye kapu la takataka, na kipindi kimoja cha Ijumaa chatosha kuvikunja vyote.