Mtihani wa Kazi ya Serikali Huanzia Nyumbani



Katika vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita wako vijana wengi waliomaliza chuo, nao wamekaa nyumbani wakingoja kuitwa kazini. Siku jina linapotoka, nyumba nzima huhangaika. Baba anatafuta mnunuzi wa mbuzi ili nauli ipatikane, mama anakopa kwa jirani, na kijana mwenyewe anakimbilia mjini kununua makaratasi ya maswali na majibu ayakariri kwa siku tatu. Mara nyingi hurudi mikono mitupu, na mbuzi amekwisha kwenda. Juma hili tuseme juu ya mtihani huo, hasa sehemu ya maarifa ya jumla, maana hiyo ndiyo wengi huidharau.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ndiyo inayotafuta watumishi kwa ajili ya wizara na taasisi nyingi za Serikali. Kwa kawaida kijana hufanya kwanza mtihani wa kuandika, ambao ni wa mchujo. Akifaulu ndipo huitwa mbele ya watu wa kumhoji, na kazi nyingine zina mtihani wa vitendo pia. Ataulizwa kazi aliyoisomea, lakini aweza kuulizwa vilevile juu ya nchi yake na juu ya utumishi wenyewe. Hapo ndipo wengi hunyamaza.

Si sisi peke yetu tunaopambana na jambo hili. Kule India, wanaotaka kazi za juu za Serikali hukutana na karatasi ya maarifa ya jumla tangu hatua ya kwanza: maswali 100 kwa saa 2, na kila jibu la kosa hupunguza theluthi ya alama za swali lile. Wahindi wametuonyesha kwamba kubahatisha si kujua.

Basi, kijana ajitayarisheje? Makaratasi ya maswali yana faida yake, kwani huonyesha namna ya kuuliza. Lakini aliyekariri jibu bila kujua sababu yake, swali likigeuzwa kidogo tu, amepotea. Mimi nasema aanze na nchi anayoiona kwa macho yake, kisha atoke hapo kwenda mbali.

Kwa mfano, muulize mzee wa Shinyanga juu ya ngitili. Atakueleza jinsi majani ya malisho yanavyotengwa wakati wa mvua ili ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Kisha soma jinsi miti ilivyofyekwa zamani ili kuondoa mbung'o na kupanua mashamba, hata nchi ikawa tupu, na jinsi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulivyoanzishwa mwaka 1986 na kurudisha ngitili. Hapo umekwisha jifunza juu ya mazingira, historia na mifugo kwa pamoja.

Muulize mkulima wa pamba juu ya vyama vya ushirika. Utafika mwaka 1955, wakati vyama vya Kanda ya Ziwa vilipoungana katika Victoria Federation chini ya Bwana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Ukitazama almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940 na Dk. John Williamson wa Kanada, au mgodi mkubwa wa Geita ulioanza kazi mwaka 2000, jiulize: madini ni mali ya nani kwa sheria, na mrabaha ni nini? Kwa nini lilifunguliwa soko la dhahabu Geita mwezi Machi 2019? Mchimbaji mdogo aliyewahi kupunjwa gizani atakujibu sababu moja. Nyingine ni kwamba Serikali nayo ipate haki yake.

Kutoka hapo nenda kwenye mambo ya taifa: uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, Muungano, 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha la mwaka 1967, Katiba ya mwaka 1977 na mihimili mitatu ya dola. Usikariri tarehe peke yake. Kila tarehe iulize, "Kwa nini? Na ikaleta nini?"

Yafaa pia kuzijua kanuni nane za maadili ya mtumishi wa umma: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na kutumia vema habari za kazini. Kwa kila moja tafuta mfano wa zahanati au ofisi ya kijiji unayoijua.

Wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma." Washeni redio saa ya habari, kisha mwulizeni kijana aeleze aliyosikia. Asiyeweza kumweleza mama yake jikoni hataweza kuwaeleza wageni mezani. Mpeni binti nafasi sawa na kaka yake. Asiwe yeye wa kuchota maji wakati mwenzake anasoma. Haba na haba hujaza kibaba: nusu saa kila siku na daftari moja vyashinda usiku mzima wa kukesha.

Liko jambo jingine, nami kwa kuwa ni karani wa parokia naliona kila mara. Mtoto huitwa Masanja nyumbani, hubatizwa Yohana, shuleni huandikwa jina la babu, na kitambulisho cha taifa kikaja na jingine. Majina yakitofautiana, kijana hutakiwa kuwa na hati ya kubadili majina, nayo haipatikani asubuhi ya mtihani. Tena cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Yatazameni makaratasi hayo leo, mkiwa na nafasi. Vyeti viwe vyenyewe, si hati za matokeo.

Wala msimpe fedha mtu anayeahidi kuwauzia kazi au cheti. Kuomba kazi hakuna ada. Na mwaka 2017 ukaguzi ulipofanywa, watumishi 9,932 walionekana na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini.

Nauli nayo iwekwe mapema, wakati pamba au mpunga umeuzwa, kwa kuwa kila msailiwa hujilipia safari, chakula na malazi. Hivyo siku jina litakapotoka, mbuzi atabaki zizini, na kijana atapanda gari akiwa ametulia.