Nani Anamhakiki Mchongaji wa Tabaka?

Kiboko wa mawe ya Kisii anayeuzwa katika duka la Nairobi amepita mikono mingi: aliyechimba jiwe, aliyechonga, aliyesugua, aliyepaka nta, kisha dalali. Chini ya tumbo lake utakuta kibandiko cha bei. Jina la mchongaji hulioni.

Mjadala kuhusu uchongaji wa Tabaka, kule Mugirango Kusini, Kisii, kwa kawaida huishia kwenye pesa: dalali anashiba, mchongaji anaambulia makombo. Lipo tatizo jingine ambalo halitaondoka hata bei ikipanda kesho. Mnunuzi wa ng'ambo huleta sampuli na idadi anayotaka. Kazi ikifika salama, analipa na kuagiza tena, na oda ya pili ndiyo sifa yenyewe. Siibezi, maana inalipa karo. Lakini inamwambia mtu arudie alichofanya jana, basi.

Wanaoijua kazi wako pale pale kijijini, wakiwemo akina mama wa msasa. Wanaume ndio huchonga kwa kawaida. Wanawake husugua jiwe kwa msasa na maji, wakianza na ule wa kukwaruza na kumalizia na ulio laini, hadi rangi ya waridi au manjano iliyofichwa na vumbi jeupe ijitokeze. Jiwe kavu huficha makosa. Likilowa, alama za kisu huonekana, na jicho lisipoziona kidole kitazigusa. Mama huyo anajua nani alichonga shingo ya twiga kwa pupa, na nani aliiacha nene kidogo isije ikavunjika safarini. Huo ni uhakiki, tena wenye macho kuliko mwingi tunaousoma magazetini. Ila yeye analipwa kwa kusugua. Maoni yake si sehemu ya kazi.

Kwa wachongaji wenyewe mambo ni magumu zaidi. Mtu akibuni umbo jipya likapata soko, haichukui muda utalikuta kwa jirani, kwa bei ya chini. Kuigwa ni kusifiwa, lakini ni sifa inayokunyang'anya riziki. Kwa hiyo mwenye wazo hulificha mpaka mnunuzi alione kwanza, na wenzake hawapati nafasi ya kumwambia kwamba miguu ya huyo kifaru haitabeba mwili. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda hata sanamu. Lakini nani atapanda kizimbani kwa sababu ya kisahani cha sabuni, na amshtaki binamu yake?

Wapo watakaosema kuiga ndiko kulikowalea wachongaji wote, na hawakosei. Kijana hujifunza kwa kurudia mkono wa baba. Ila kuiga na kutaja jina vinaweza kukaa nyumba moja. Dar es Salaam, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wafuasi wake waliuendeleza mtindo wake na baadaye wakaunda ushirika. Mtindo ni wa wote, lakini mchoraji hutia jina lake kwenye picha, na kwa hiyo mwenzake anajua amsifu nani na amkosoe nani.

Mchongaji anayetajwa kila mara ni Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, ambaye ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Tunamtaja kama ushahidi kwamba dunia inatutambua. Hatutaji sana kwamba alikulia miongoni mwa wachongaji, kisha akasomea sanaa Makerere. Katika shule ya sanaa, kazi yako huwekwa mbele ya wenzako na kuchambuliwa ukiwa umesimama hapo hapo, uso umekuiva. Paris ilikuja baadaye.

Sanaa nyingine za Wagusii hazina upweke huu. Mpiga obokano, kinubi cha Wagusii, awe wa Kisii au Nyamira, akikosea uzi mmoja kati ya nane, wazee walioketi karibu wanajua papo hapo. Washairi nao wana tamasha la Kistrech, alilolianzisha Christopher Okemwa wa Chuo Kikuu cha Kisii, ambako mshairi husikilizwa na washairi. Kwa mchongaji, mawazo yetu ya haraka ni cheti, kombe na mgeni rasmi wa kukata utepe.

Ningependa vyama vya ushirika vianze na jambo dogo. Kabla ya oda kufungwa kwenye makasha, kazi chache ziwekwe mezani zikiwa zimeloweshwa, akina mama wa msasa wazungumze kwanza, wachongaji wafuate. Anayeleta umbo jipya aandikwe kwenye daftari la chama, na atakayelichonga baada yake amkatie kitu kidogo, kwa makubaliano yao wenyewe bila wakili. Kisha kila kazi itiwe alama ya aliyeichonga. Baadhi ya wanunuzi watagoma, kwa sababu wanataka lebo ya duka lao peke yake. Hao waambiwe kwamba kazi isiyo na jina ina bei yake, na iwe ya juu.