Tutunze Taarifa za Watu Kama Tunavyotunza Mbegu

UKURASA WA BWANA SHAMBA

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Tuliona kwamba ghala lisilo na mlango ni chakula cha panya. Mwezi huu tutazungumza juu ya ghala la namna nyingine. Ni ghala la majina na namba za watu.

Ghala hili limo katika kila kijiji. Limo ofisini, ndani ya daftari la wakazi. Limo katika chama cha ushirika. Limo zahanati na shuleni. Siku hizi limo pia ndani ya simu na kompyuta. Panya wa ghala hili ana miguu miwili.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili nawe usilirudie.

Karatasi ukutani

Mwaka 2022 Serikali ilianza mpango wa mbolea ya ruzuku. Maana yake, Serikali inalipa sehemu ya bei na mkulima analipa sehemu iliyobaki. Ili mbolea imfikie mkulima wa kweli, wakulima waliandikishwa vijijini mwao. Taarifa zao ziliingizwa kwenye kompyuta.

Mimi niliandikisha wakulima katika kijiji kimoja ninachohudumia. Walikuwa 312. Kila mmoja alinipa jina lake, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho cha Taifa na ukubwa wa shamba lake.

Kazi ilipokwisha, watu walikuja kila siku kuniuliza, "Bwana shamba, jina langu limo?" Nilichoka kujibu. Nikaona nitafute njia rahisi. Nikaandika orodha yote kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani nje ya ofisi ya kijiji. Niliandika kila kitu: majina, simu, vitambulisho na ekari. Nilidhani nimefanya jambo jema. Nilijiambia kwamba huo ndio uwazi.

Kijana mmoja akaipiga picha ile karatasi kwa simu. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumwonyesha baba yake aliyekuwa safarini. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji. Kutoka hapo ikaenda nisikokujua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya wiki mbili, mama mmoja mjane alipigiwa simu. Mtu yule aliongea kwa adabu sana. Alimwamkia shikamoo. Akamtajia majina yake yote matatu. Akamwambia, "Mama, una shamba la ekari mbili na nusu. Namba yako ya kitambulisho ni hii." Akaisoma mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Kisha akasema, "Mbolea yako iko tayari. Tuma shilingi 54,000 za usafiri leo, la sivyo itapewa mtu mwingine."

Mama yule si mjinga. Ni mkulima hodari, na kusoma alijifunza ukubwani. Lakini alijiuliza, mtu anayejua mambo yangu yote atakuwa nani kama si mtu wa ofisi? Akatuma fedha. Zilikuwa fedha alizoweka kwa ajili ya vibarua wa palizi.

Alipopiga simu tena, ilikuwa imezimwa. Akaja kwangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu, "Mwanangu, namba zangu nilimpa nani zaidi yako?"

Sikuwa na jibu. Siku ile ile nilibandua karatasi. Tulitoa taarifa polisi. Fedha hazikurudi. Nilimwomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji, naye akanisamehe. Lakini radhi haipalilii shamba. Mwaka ule nusu ya shamba lake ililiwa na magugu.

Taarifa binafsi ni nini?

Taarifa binafsi ni habari yoyote inayoonyesha kwamba wewe ni wewe. Jina lako ni taarifa binafsi. Namba ya simu, alama ya kidole, picha na mahali unapoishi pia ni taarifa binafsi. Ugonjwa wako ni taarifa binafsi iliyo nyeti, yaani inahitaji ulinzi zaidi. Habari za watoto nazo ni nyeti.

Tazama namba ya kitambulisho cha Taifa, ile tunayoiita namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 7 Julai 1961, namba yake huanza na 19610707. Kwa hiyo anayeipata namba yako amepata na umri wako. Tena namba hiyo ndiyo hutumika kusajili laini ya simu. Si namba ya kuachwa ukutani.

Zamani na sasa

Zamani bwana shamba alikuwa na daftari na kalamu. Daftari lilikuwa na adui zake. Mchwa walilila. Mvua ililowesha. Lakini lilikuwa moja. Mtu aliyetaka kulisoma ilimlazimu kufika ofisini, na wote walimwona.

Siku hizi tunatumia simu na vishikwambi. Kishikwambi ni kompyuta ndogo bapa ya kushika mkononi. Wengi wetu tulikiona katika Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba. Chombo hiki ni kizuri. Kinapunguza makosa ya kuandika. Kinafikisha habari mjini mara moja, wala mchwa hawakili.

Lakini kina hatari yake. Karatasi moja ikipigwa picha, kwa dakika moja inakuwa karatasi elfu. Hakuna anayeona nani anaisoma. Ndiyo maana makarani wa Sensa waliapa kwanza kutunza siri. Chombo kikiwa na nguvu zaidi, mlinzi naye awe macho zaidi.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu, Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kulindiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ili kulinda haki hiyo, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria hiyo na kupokea malalamiko.

Kwa maneno machache, sheria inataka hivi:

1. Anayechukua taarifa zako akuambie anazichukua kwa kazi gani, na nani atazipata.

2. Achukue zile tu zinazohitajika kwa kazi hiyo. Anayeandikisha mbolea hana haja ya kujua ugonjwa wako.

3. Asizitumie kwa kazi nyingine usiyoijua.

4. Azitunze salama, na asikae nazo kuliko muda unaohitajika.

5. Ziwe sahihi. Zikiwa na kosa, una haki ya kutaka zirekebishwe.

Sheria hii ilikuwa bado haijaanza siku nilipobandika karatasi yangu. Lakini hilo halinisafishi. Hata bila sheria, mtu aliyekupa amana amekupa amana.

Kwa viongozi na watunza daftari

Wenyeviti, watendaji, makatibu wa ushirika na mabwana shamba wenzangu, nasema nanyi.

Mbegu bora tunaitunza vipi? Tunaiweka mahali pakavu. Tunaandika jina na tarehe. Tunafunga mlango. Hatumpi kila apitaye. Tufanye vivyo hivyo na taarifa za watu.

Daftari likae ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana. Mtu akilichukua, aandike jina, tarehe na sababu. Kila ukurasa uwe na tarehe, maana habari isiyo na tarehe haiaminiki.

Simu au kishikwambi cha kazi kiwe na namba ya siri ya kukifungua. Usimpe mtoto kuchezea. Usipige picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwenye makundi. Taarifa za kwenye kompyuta ziwe na nakala nyingine mahali salama. Kompyuta ikiharibika au ikiibiwa, kazi isipotee.

Je, watu wakitaka kujua kama wameandikwa? Wasomee majina tu. Au kila mmoja aje aangalie mstari wake peke yake. Inachukua muda zaidi, najua. Mimi nilikimbia kazi ya siku mbili, mama wa watu akapoteza msimu.

Uwazi na siri

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Kiongozi mwingine atasema, "Bwana shamba kasema taarifa ni siri, basi sitasoma mapato na matumizi." Huo ni ujanja. Tusiukubali.

Fedha za kijiji ni mali ya wanakijiji wote. Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu. Yabandikwe hata ukutani, tena kwa herufi kubwa. Mifuko mingapi ya mbolea imekuja, mingapi imetoka, bei ni ngapi: hayo ni mambo ya wote.

Mambo ya kijiji yawe wazi. Mambo ya mtu yalindwe. Anayeficha ya kijiji na kutangaza ya mtu amegeuza kazi yake.

Kwa kila mmoja wetu

Ndugu msomaji, hata viongozi wakilinda vizuri, wewe nawe una kazi.

Mtu akitaka namba yako, muulize: ya kazi gani? Utaiandika wapi? Nani ataiona? Kuuliza si ukorofi. Ni haki yako.

Namba ya siri ya fedha za kwenye simu usimpe mtu. Usimpe bwana shamba, polisi, mtu wa benki wala mtu wa kampuni ya simu. Wa kweli hataiomba. Ukiletewa namba kwa ujumbe na mtu akakupigia umsomee, usimsomee.

Kama hujui vizuri kutumia simu, mwombe mwanao akufundishe. Usimwachie wakala simu na namba ya siri pamoja. Hata nakala ya kitambulisho usiache ovyo dukani.

Bonyeza *106# kwenye simu yako. Utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu inayohusika ukatoe taarifa. Anayetumia laini hiyo anatumia jina lako.

Na kama mtu anajua jina lako, shamba lako na kitambulisho chako, hiyo si dalili kwamba ni mtu wa ofisi. Huenda aliiona karatasi ukutani. Akikuhimiza utume fedha upesi, kata simu. Nenda ofisini kwa miguu yako ukaulize. Mbolea ya kweli haiozi kwa kungoja siku moja.

Ukipokea simu au ujumbe wa kitapeli, itume namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040. Ukiwa umeibiwa, nenda polisi mara moja, na uijulishe kampuni ya simu. Usione aibu. Aibu yako ndiyo kichaka cha mwizi. Ukinyamaza, kesho atampigia jirani yako.

Msimu uliofuata

Msimu uliofuata nilirudi katika kijiji kile kuhakiki orodha. Watu walikaa chini ya mwembe. Mama yule alikuwa wa tatu katika foleni. Alipofika mbele yangu hakutaja namba yake. Aliuliza kwa sauti, watu wote wakasikia, "Bwana shamba, hiyo karatasi itakaa wapi?"

Nikainuka. Nikafungua sanduku la chuma tulilonunua kwa fedha za kijiji. Nikamwonyesha kufuli. Nikamwambia funguo ni mbili, mmoja uko kwa mtendaji, mwingine kwangu. Nikamwambia kwamba kazi ikiisha, zile karatasi za kuandikia kwanza zitachomwa mbele ya kamati.

Akaligusa lile kufuli, akalivuta kidogo. Kisha akasema, "Haya. Andika."

Baada yake, kila aliyefika aliuliza swali lile lile. Kazi ilichukua siku nne badala ya mbili. Sikulalamika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Daftari la wakazi wa kijiji chetu linakaa wapi? Nani ana ufunguo?

2. Ni karatasi gani zimebandikwa ukutani ofisini kwetu? Zipi zibaki na zipi zitolewe?

3. Mtu akikupigia simu na kutaja jina lako na shamba lako, utafanya nini?

Tukutane mwezi ujao. Tutazungumza juu ya viwavijeshi vya mahindi.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba