Hasira ya Siku Moja, Kazi ya Siku 381

Ndugu msomaji, hapana kazi nyepesi kama kuwakusanya watu waliokwisha kasirika. Maji yakikatika mtaani kwa wiki mbili, nauli ikipandishwa bila taarifa, au mchango wa shule ukiongezwa kinyemela, mtu mmoja akipaza sauti wengine mia watamwitikia kabla jua halijatua. Siku hizi hata kupaza sauti si lazima. Ujumbe mmoja wa simu watosha. Ugumu huja wiki ya tatu. Hapo ndipo mahudhurio hupungua, lawama huanza, fedha za mchango huulizwa kwa minong'ono, na hatimaye chama hubaki na mwenyekiti, katibu na mhuri.

Wazee wetu huiita hasira ya namna hiyo moto wa mabua: huwaka kwa kishindo, lakini hauivishi maharage. Basi Jumapili hii na tuutazame mji mmoja ambao moto wake haukuwa wa mabua. Mji huo ni Montgomery, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na waliouchochea moto huo kwa siku 381, tangu tarehe 5 Desemba 1955 hadi tarehe 20 Desemba 1956, walikuwa wapishi, madobi, mayaya na vibarua, pamoja na walimu na makasisi wao.

Kisa chenyewe wengi wetu twakijua kwa ufupi. Katika mabasi ya mji ule viti vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Mtu mweusi alilipa nauli mbele, na mara nyingi dereva alimwamuru ashuke akapandie mlango wa nyuma. Wakati mwingine basi liliondoka kabla hajaufikia mlango huo, na nauli yake ikaenda nalo. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1955 fundi cherehani mmoja, Rosa Parks, alikataa kumpisha Mzungu kiti akakamatwa. Hata hivyo, hakuwa wa kwanza. Mwezi Machi mwaka ule ule binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa kosa kama hilo.

Lisilosemwa sana ni kazi iliyotangulia. Chama cha wanawake weusi wa mji ule kilikuwa kimekwisha anzishwa tangu mwaka 1946. Mwenyekiti wake, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson, alimwandikia meya barua mwezi Mei 1954 kumkumbusha kwamba robo tatu ya abiria wa mabasi ni watu weusi, na kwamba watu hao wangeweza kuacha kupanda. Kwa hiyo Rosa Parks alipokamatwa, mama huyo hakukaa kujiuliza la kufanya. Usiku ule ule aliingia chuoni pamoja na mwenzake na wanafunzi wawili, wakachapa kwa stensili makaratasi maelfu kwa maelfu ya kuwaomba watu wasipande basi siku ya Jumatatu. Kulipopambazuka makaratasi yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu, tayari kupelekwa shuleni, madukani na kwenye saluni. Hasira ilikuwa ya siku moja. Maandalizi yalikuwa ya miaka.

HOJA HADHARANI

Jumatatu tarehe 5 Desemba mabasi yalipita karibu matupu. Alasiri yake viongozi walikutana, wakaunda Umoja wa Maendeleo wa Montgomery, wakamchagua kasisi kijana wa miaka 26, Martin Luther King, awe rais wake. Lakini hata kikao hicho cha kwanza hakikupita bila mabishano. Wako waliotaka mambo yaendeshwe kwa siri, majina ya viongozi yasijulikane. Mzee E. D. Nixon, mfanyakazi wa treni na mpiganaji wa siku nyingi katika chama cha wafanyakazi, aliwakemea waziwazi kwa woga wao. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wanawake wanaofua nguo za watu ndio wenye kuhatarisha riziki zao, itakuwaje wanaume wanaowaongoza wajifiche nyuma yao? Hoja ikashinda. Usiku ule, katika kanisa la Holt Street, maazimio yalisomwa mbele ya maelfu ya watu, na watu wenyewe wakaulizwa kama wanataka kuendelea. Walisimama.

Yafaa tuangalie pia walichodai mwanzoni, maana wengi hudhani walianza na makubwa. Walidai mambo matatu tu: lugha ya adabu kutoka kwa madereva, abiria wakae kwa kadiri walivyotangulia kupanda, weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, na madereva weusi waajiriwe katika njia zinazotumiwa zaidi na weusi. Wakubwa wa mji walikataa hata hayo. Basi kadiri mazungumzo yalivyoshindikana ndivyo fikra za watu zilivyokomaa, na tarehe 1 Februari 1956 mwanasheria wao, Fred Gray, alifungua kesi ya kutaka ubaguzi katika mabasi ufutwe kabisa. Binti Claudette Colvin alikuwa mmoja wa walalamikaji.

Nguzo ya yote ilikuwa mkutano wa hadhara. Mwanzoni ulifanyika mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Baadaye mara moja. Haukuwekwa mahali pamoja. Ulihama kutoka kanisa hili hadi lile, ili pasiwe na madhehebu wala mtaa wa kudai kwamba mgomo ni mali yake. Daktari aliketi karibu na mtumishi wa nyumbani, na waliochelewa walisimama nje. Huko watu waliimba na kuomba, lakini pia walipashana habari, waliambiwa mapato, na walipewa kazi.

Na kazi ilikuwapo. Teksi za weusi zilipoanza kutoza senti 10 tu, sawa na nauli ya basi, wakubwa wa mji walizikumbusha sheria ya kima cha chini cha senti 45. Wananchi wakaunda usafiri wao. Walipata maarifa kwa wenzao wa mji wa Baton Rouge, waliosusia mabasi mwaka 1953, wakakusanya magari ya watu binafsi yapatayo 300, wakaweka vituo vya kushukia asubuhi na vya kupandia jioni. Mwenye gari alitoa gari, asiye na gari alitoa miguu yake, na mwenye mwandiko mzuri aliandika ratiba. Hakuna aliyeambiwa, "Wewe kaa, tutakuita."

FEDHA ZA JIKONI

Magari hayaendi kwa nyimbo. Petroli ilihitaji fedha, na hapa ndipo msomaji wa ukurasa huu wa familia anapopaswa kumfahamu mama mmoja mpishi, Georgia Gilmore. Mama huyu na wenzake walipika kuku, samaki, keki na mikate ya matunda, wakauza saluni, makanisani na majumbani, na faida yote wakaipeleka kwenye mgomo. Kikundi chao walikiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana. Jina hilo halikuwa mzaha mtupu. Baadhi ya wapishi na wanunuzi wangefukuzwa kazi kama majina yao yangejulikana. Kwa hiyo fedha zilipoulizwa zatoka wapi, jibu lilikuwa kwamba hazikutoka popote.

Lakini tazama busara yao. Majina yalifichwa, hesabu haikufichwa. Mama Gilmore alisimama katika mkutano akaitaja fedha iliyopatikana, na ukumbi mzima ukashangilia. Upande mwingine wa mji akina mama wengine, wakiongozwa na Inez Ricks, waliunda klabu yao, wakawa washindani. Ushindani huo haukuwa wa kuchimbana, bali wa kuona nani ataleta zaidi. Mwezi Machi 1956 Mama Gilmore alitoa ushahidi mahakamani katika kesi aliyoshtakiwa King, akafukuzwa kazi. Akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa, akaendelea.

NDUGU ALIPOMTUHUMU NDUGU

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba watu hawa walikuwa malaika. Majaribu yaliwapata, na mawili yanatuhusu sana leo.

La kwanza ni uvumi. Mwezi Januari 1956 wakubwa wa mji walilipa gazeti la Jumapili habari kwamba mapatano yamefikiwa na viongozi wa weusi na mgomo umekwisha. Habari hiyo ilikuwa ya uwongo; makasisi watatu walioitwa kwenye mazungumzo hayo hawakuwa viongozi wa mgomo. King na wenzake walipata fununu Jumamosi usiku, kabla gazeti halijatoka. Hawakungoja kuandika taarifa ndefu. Walizunguka usiku ule ule mpaka kwenye vilabu vya starehe, na asubuhi makasisi wakaikanusha habari hiyo kanisani. Siku iliyofuata mabasi yalikuwa matupu kama kawaida. Uvumi ulijibiwa palepale watu walipo, na watu wanaofahamika.

La pili ni chungu zaidi. Mwezi Juni mwaka ule kasisi U. J. Fields, aliyekuwa katibu wa Umoja na ambaye nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine, alitangaza hadharani kwamba baadhi ya viongozi wanazitumia vibaya fedha za mgomo. Hakuna neno liuwalo chama upesi kama hilo. Watu waliwaka, wengi walitaka kumfukuzia mbali. King alikatiza mapumziko yake California akarudi, akazungumza na mtuhumu, kisha wakaingia pamoja katika mkutano wa hadhara. Fields alizomewa alipoingia. King aliwasihi watu wamsikilize na kumsamehe. Fields akasimama, akayafuta maneno yake, akaomba radhi. Na wale wale waliomzomea wakamkubali. Kumbuka, msomaji, kwamba mtuhumu hakuzibwa mdomo, wala tuhuma haikuachwa izunguke vichochoroni. Iliingizwa ukumbini na kumalizwa humo.

Haki yataka tuseme pia kwamba si kila walilotenda lilikuwa la kusifiwa. Wanawake walioyaanza mambo walijikuta nyuma, na meza kuu ikajaa wanaume. Binti Colvin, aliyetangulia kukamatwa, hakufanywa mfano wa mapambano. Wakubwa wake walimwona mdogo mno, na baadaye alipopata ujauzito wakazidi kumweka kando. Vuguvugu la wanyonge nalo laweza kuwa na wanyonge wake.

Tarehe 13 Novemba 1956 Mahakama Kuu ya Marekani iliafiki kwamba ubaguzi katika mabasi hayo ni kinyume cha Katiba. Siku hiyo hiyo mahakama ya pale ilipiga marufuku magari ya mgomo. Amri ya Mahakama Kuu ilikuwa haijawasili, na kwa zaidi ya mwezi mmoja watu walitembea kwa miguu au kusaidiana majirani kwa majirani. Muda huo hawakuupoteza. Mikutanoni walipanga viti kama viti vya basi, wakacheza: huyu dereva, yule abiria Mzungu, huyu abiria mweusi anayetukanwa. Walifundishana namna ya kuketi, namna ya kujibu na namna ya kunyamaza. Tarehe 21 Desemba walipanda mabasi tena, wakaketi walipopenda.

Sisi tunajifunza nini? Si kila mtaa wetu una madhila ya Montgomery, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kila mtaa una kamati ya maji, kikundi cha kuzikana, umoja wa wazazi, tawi la chama cha wafanyakazi. Vyombo hivi haviuawi na adui wa nje mara nyingi. Huuawa na mkutano usioitishwa, hesabu isiyosomwa, na mtu mwenye swali anayeitwa mchochezi. Mwenye swali halali akinyamazishwa ukumbini, atauliza sokoni. Na huko sokoni hakuna katibu wa kuandika jibu.

Basi wewe uliye mwenyekiti, itisha mkutano hata kama hakuna jipya, maana watu wasiokutana huzoea kudhaniana. Soma mapato na matumizi kabla hujaombwa. Mpe kila mtu kazi anayoiweza, hata kama ni kupanga viti. Wewe uliye mwanachama, ukiwa na shaka ilete mkutanoni, useme unachokijua na uache unachokidhani. Na ukipatikana umekosea, sema hivyo mbele ya wale wale uliowaambia. Nasi tulio wengi tujifunze kumsikiliza tusiyempenda mpaka mwisho wa sentensi yake.

Kabla hatujaonana Jumapili ijayo, nakuomba ufanye jambo dogo. Muulize mwekahazina wa kikundi chako ni lini hesabu zilisomwa mara ya mwisho. Muulize kwa upole, mbele ya wenzako, na umpe nafasi ya kujibu.