Deni la Askari

Wako watu wasemao kuwa askari aliyerudi vitani akilipiwa karo ya chuo kikuu amepewa sadaka. Maneno haya huwapendeza wachoyo, lakini hayana mizani ya haki. Sadaka hutoka katika huruma ya mpaji. Deni hutoka katika haki ya mdai. Kijana aliyetwaliwa akiwa na umri wa miaka 18, akaitumia miaka yake ya kujifunza katika mahandaki, amelikopesha taifa ujana wake. Ujana haurudi. Lakini elimu ambayo ujana ule ungaliichuma yaweza kurudishwa.

Tazama, msomaji, mambo yaliyotokea Marekani. Mwaka 1932 maelfu ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia walipiga kambi mjini Washington kudai malipo waliyoahidiwa. Walifukuzwa kwa moshi wa kutoza machozi, na vibanda vyao vikateketezwa. Asante ya punda ni mateke! Fedheha hiyo haikusahauliwa. Tarehe 22 Juni 1944, vita vya pili vingali vikiendelea, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria mpya. Askari aliyetumika siku 90 au zaidi, akaachishwa pasipo fedheha, aliweza kulipiwa karo na vitabu hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya dola 50 kwa mwezi, au dola 75 kama alikuwa na watu wa kulisha.

Wakubwa wengine wa elimu walinung'unika. Robert Hutchins, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alihofu kwamba vyuo vitageuka makao ya wazururaji. Matendo yalimkadhibisha. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani, nao walisifiwa kwa bidii. Mpango ule ulipokwisha mwaka 1956, watu wapatao milioni 2 na laki 2 walikuwa wamepitia vyuoni. Miongoni mwao walitoka wahandisi, walimu na waganga. Je, huo ni upotevu wa mali, au ni mbegu iliyozaa?

Sikufichi kasoro yake. Sheria haikutaja rangi, lakini katika majimbo ya kusini askari mweusi alifungiwa milango ya vyuo vya weupe, na vyuo vya weusi vilikuwa vichache na vimejaa. Deni linalolipwa kwa ubaguzi ni deni lililobaki.

Sisi wa Kenya twalijua jambo hili. Askari wetu wa King's African Rifles walipigana Burma, lakini waliporudi hawakukuta sheria ya kuwapeleka vyuo vikuu. Askari wa Kizungu walifunguliwa mipango ya mashamba. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa waliopigana Burma. Baadaye aliingia msituni akaitwa Jenerali China. Mtu aliyenyimwa haki yake hasahau upesi.

Marekani imeendelea kulipa: sheria ya mwaka 2008 huweza kumlipia askari masomo kwa miezi 36, pamoja na posho ya nyumba na vitabu. Basi, msomaji, ukisikia mtu akiita malipo hayo sadaka, mwulize kama yu tayari kuutoa ujana wake kwa bei hiyo. Ahadi ni deni, na damu ni deni kubwa zaidi.