Tuchungulie Ndani ya Kontena

Mtu apitaye Barabara ya Kilwa, kutoka Kurasini hadi Mbagala Rangi Tatu, huona makontena ya namna mbili: yale yanayobebwa na malori kutoka bandarini, na yale yaliyokatwa milango yakawa maduka. Kwa nje yote ni masanduku ya chuma. Kilichomo hakijulikani ila kwa kuchungulia.

Katika kompyuta nako kuna makontena. Tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013, mafundi wengi wamezoea kuifunga kila programu, pamoja na vyote inavyovihitaji, katika kontena lake, kisha kuyaunganisha makontena kadhaa yafanye kazi moja. Tuseme shule inahifadhi alama za wanafunzi: kontena moja hupokea maombi ya walimu, la pili hutunza kumbukumbu, la tatu hutayarisha ripoti.

Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi wa kompyuta hana budi afundishwe kuchungulia ndani kwa kuandika amri, si kubofya picha tu. Amri ya «docker compose ps» humwonyesha makontena yaliyo hai. Hiyo ni sawa na kuona duka limefunguliwa. Haielezi kama muuzaji anauza au amesinzia. Amri ya «docker compose top» hupitia kontena moja baada ya jingine na kuorodhesha kila mchakato unaoendelea: unaendeshwa na nani, namba yake, namba ya mzazi wake, ulianza lini, na umekula muda gani wa kazi ya kompyuta. Mchakato unaokula muda mwingi ilhali hakuna aliyeutuma kazi unastahili kuchunguzwa. Na ule unaoendeshwa kwa mamlaka yote bila sababu ni mlango ulioachwa wazi kwa mwizi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya vyuo vikuu. La hasha. Katika Linux, kontena si kompyuta ya pili. Ni ukuta unaoizunguka michakato ya kawaida. Mchakato mkuu hujiona ndani una namba 1, huku kompyuta ikiutambua nje kwa namba nyingine. Kwa hiyo shule yenye kompyuta moja kuukuu, isiyo na intaneti, yaweza kuanza na amri ya «ps», iliyokuwapo tangu Unix ya miaka ya 1970.

Nchi yetu inayo sababu ya kulizingatia jambo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Leo kompyuta zimejaa, na kuzizuia si dawa. Dawa ni kulea vijana wanaoweza kuiuliza mashine inafanya nini, na kulifahamu jibu lake.